GUNDI YA KUBANDIKIA KOPE

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi, Changamwe



Huenda mtu akauliza: kope za wanawake zina shauri gani na chama cha wafanyakazi wa reli? Shauri liko. Wake zetu na binti zetu wengi hapa Changamwe, na kule Kisauni na Likoni, hupata riziki katika saluni. Abandikaye kope kutwa ni mfanyakazi kama sisi, na kazi yake ina hatari zake.

Gundi ile ni ndugu wa supagluu tunayobandikia mpira karakana. Jina lake ni sianoakrilati. Harry Coover na wenzake wa kampuni ya Kodak huko Marekani waliipata mwaka 1942, wakaiacha kwa kuwa ilinata kila kitu. Ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Ile ya kope hutiwa masizi ya kaboni iwe nyeusi, na plastiki iwe nzito.

Gundi hii haikaushwi na jua, bali hugandishwa na unyevu. Ndiyo maana hapa pwani huganda upesi. Mvuke wake nao hushika macho, pua na koo, kwa sababu mna maji. Tena gundi ikichakaa hutoa fomaldehaidi kidogo. Hiyo ndiyo ikichanganywa na maji huitwa fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Aina za methili na ethili ni kali. Aina ya oktili ni pole zaidi, hata madaktari hufungia majeraha. Lakini hiyo nayo haifai kuingia jichoni.

Je, ni nani aumiaye zaidi? Mteja hulala saa mbili akaenda zake. Mfanyakazi huinamia mvuke kila siku. Mwili waweza kuvumilia miezi mingi, kisha siku moja ukakataa: macho yawasha na kuvimba, mafua hayaishi, kifua chabana. Huo waweza kuwa ugonjwa wa pumu uletwao na kazi. Mwili ukishakataa, hata tone dogo huleta taabu. Asiambiwe kwamba ni vumbi tu, bali aende kwa daktari na aeleze kazi aifanyayo.

Basi tuyashike haya:

1. Chupa isiyo na maandiko ya vitu vilivyomo na tarehe ya mwisho isitumike, hata ikiwa rahisi.

2. Madirisha yafunguliwe, na feni iondoe mvuke usoni pa mfanyakazi. Chupa ifunikwe mara moja.

3. Mteja ajaribiwe kwa kope chache siku moja au mbili kabla.

4. Gundi ikimwagika isifutwe kwa pamba. Gundi hii ikikutana na pamba nyingi hupata moto, yaweza kuunguza ngozi.

5. Ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji mengi, na mtu apelekwe hospitali. Kope zikishikana zisivutwe kwa nguvu, wala asetoni isikaribishwe machoni.

Ndugu zangu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikuandikwa kwa ajili ya karakana na bandari peke yake. Yahusu kila mahali pa kazi, na saluni ni mahali pa kazi. Yataka dawa za hatari ziwe na maandiko na karatasi ya maelezo ya usalama, na mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Ile ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, yahusu pia maradhi yaletwayo na kazi.

Sisi wa reli tuna chama cha kutusemea. Binti aliye peke yake katika chumba kimoja na mwajiri wake hana. Kwa hiyo leo mkirudi nyumbani, ulizeni: chupa ile ina maandiko? Dirisha lafunguka? Kifua ki hali gani? Na jibu likiwa baya, msinyamaze. Mleteni hapa tawini, tufuatane naye mpaka ofisi ya kazi.