Kutafuta Kazi: Karatasi Anayoiandika Mtu Mwenyewe

Mazungumzo haya yametayarishwa kwa ajili ya wanaotafuta kazi katika Kuresoi, Molo, Njoro na mji wa Nakuru, na pia kwa ajili ya wazazi wao, kwa kuwa wao ndio wanaolipa nauli.

Palikuwa na wakati katika nchi ya Kenya ambapo mtu aliyetafuta kazi hakuandika habari zake mwenyewe, bali aliandikwa. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka wa 1915, ikaanza kutumika baada ya kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimika kuchukua kipande. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Iliandikwa jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake. Kisha jina la tajiri aliyemwajiri, siku ya kuanza kazi, mshahara wake, na siku aliyoachiliwa. Ikiwa tajiri hakutia sahihi yake siku ya kumwachilia, mtu yule hakuweza kuandikwa kazi mahali pengine kwa halali, na akiondoka hivyo hivyo alihesabiwa kuwa mtoro. Mashamba ya ngano, kondoo na pareto ya upande wa Molo na Mau Summit yaliendeshwa kwa mikono ya watu wa namna hiyo. Kipande kilikuwa mojawapo ya manung'uniko makubwa aliyoyatoa Harry Thuku na wenzake mwaka wa 1921, lakini hakikuondolewa mpaka sheria mpya ya mwaka wa 1947 ilipoleta kitambulisho kwa watu wa rangi zote.

Leo mambo yamegeuka. Mwenye kutafuta kazi ndiye anayeshika kalamu. Yeye huandika wasifu wake, yaani ile karatasi ambayo vijana huiita sivii, na hakuna tajiri anayeweza kumzuia asiseme alipofanya kazi na alichokifanya. Lakini ajabu ni kwamba karatasi nyingi zinazofika katika ofisi za Nakuru zimeandikwa kana kwamba karani wa kipande bado yuko mezani. Mstari wa kwanza ni jina; wa pili, namba ya kitambulisho; kisha dini, mahali alipozaliwa, ameoa au hajaoa, na pengine kabila. Ukurasa wa kwanza humalizika, na msomaji hajui bado kama mtu huyu anaweza kuendesha trekta au kuandika hesabu.

Hayo yote yaweza kuachwa. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mwombaji kwa kabila, dini au jinsia. Basi hakuna sababu ya kumpelekea habari ambazo haruhusiwi kuzitumia. Kuna jambo moja la kuangaliwa hapa. Fomu za kazi za serikali huuliza kabila la mwombaji, nayo yapasa kujazwa kwa ukweli, kwa kuwa sheria ya mwaka wa 2008 ya utangamano wa taifa yasema kwamba ofisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka kabila moja. Fomu ni fomu. Wasifu ni karatasi ya mtu mwenyewe.

Kosa la pili hutoka kwa mwenye saiba. Kijana hufika, hulipa fedha yake, na mwenye kompyuta hufungua karatasi ya mtu mwingine, hufuta jina na kuweka jipya. Kwa hiyo mwajiri mmoja hupokea karatasi ishirini ambazo zote zinasema mwombaji ni mchapakazi, hupenda kusoma, kusafiri na kukutana na watu wapya. Mara nyingine hata shule ya mtu wa kwanza haikufutwa. Ni afadhali karatasi iliyoandikwa kwanza kwa mkono nyumbani, katika daftari, kisha ikapelekwa kupigwa chapa jinsi ilivyo.

Na achukuliwe kijana mmoja wa Keringet, si mtu fulani bali mfano tu. Alimaliza kidato cha nne akapata alama ya C. Kwa misimu mitatu amefanya kazi kwa mfanyabiashara wa viazi. Husimama kwenye mizani, huhesabu magunia yanapopakiwa katika lori, huandika katika daftari kila mkulima ameleta mangapi, na jioni huwatumia wakulima fedha zao kwa simu. Lakini katika wasifu wake, mahali pa kazi alizopata kuzifanya, ameandika neno moja: Hakuna. Kwa maoni yake kazi ni ile yenye meza na barua ya kuajiriwa, na viazi ni viazi tu.

Sasa, karani wa ghala katika mji wa Nakuru hufanya kazi gani? Hupokea mali, huipima, huiandika, na jioni hulinganisha daftari na kilichomo ghalani. Kijana wa Keringet ameifanya kazi hiyo hiyo, tena penye matope na watu wenye haraka. Zaidi ya hayo, kanuni za viazi za mwaka wa 2019 ziliweka gunia lisizidi kilo 50, na yeye ndiye aliyesimama pale kati ya mkulima na dalali aliyetaka lumbesa. Mtu aliyeweza kukataa gunia lililofurika, na bado lori likaondoka kwa wakati, anayo sifa ambayo mwajiri yeyote angependa kuijua. Basi badala ya neno Hakuna, na aandike hivi:

"Karani wa kupokea viazi, Keringet, misimu mitatu. Alipima na kuhesabu magunia ya kilo 50. Alitunza daftari la wakulima. Aliwalipa kwa simu na kulinganisha hesabu kila jioni."

Mistari hiyo haina sifa hata moja ya kujivuna, na kila neno laweza kuulizwa na kuthibitishwa. Kama anaijua idadi ya magunia ya siku moja, na aitie, maana tarakimu moja ya kweli hushinda maneno kumi ya kujisifu. Ni vivyo hivyo kwa msichana wa Kiptagich aliyeandika kilo za majani ya chai katika kituo cha kununulia, au mama aliyekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kwa miaka minne bila fedha kupotea. Kazi ya hivi karibuni huandikwa kwanza, na za zamani hufuata. Kurasa mbili zatosha. Namba ya simu iwe juu, na anayekaa mahali mtandao hupotea aandike na namba ya ndugu aliye mjini, akimwarifu ndugu huyo mapema. Wale watu wa kuulizwa habari zake nao waombwe ruhusa kwanza. Mwalimu mkuu anayepigiwa simu ghafula juu ya mwanafunzi wa miaka minane iliyopita hawezi kusema mengi.

Lakini mwajiri aweza kusema, "Maneno haya ni ya mwombaji mwenyewe, ushahidi uko wapi?" Hapo ndipo pana haki ambayo wafanyakazi wengi hawaijui. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 chasema kwamba mfanyakazi anapoacha kazi, au anapoachishwa, mwajiri ni lazima ampe cheti cha utumishi, isipokuwa kama kazi yenyewe ilikuwa chini ya majuma manne mfululizo. Cheti hicho hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, siku ya kuanza, aina ya kazi na mahali ilipofanywa, na siku ya kumaliza. Mwajiri halazimiki kumsifu. Anaweza hata kuwa amemkasirikia. Cheti ni lazima akitoe. Tofauti na kipande ni kubwa: zamani sahihi ya tajiri ilikuwa kamba ya kumfunga mtu, na siku hizi ni deni ambalo mwajiri anadaiwa. Lakini lazima kiombwe, na wakati mzuri wa kukiomba ni siku ile ile ya kuondoka, wakati ofisi ipo na mwenye kutia sahihi yupo.

Watu wa Kuresoi wanao mfano karibu na nyumbani. Kazi ya kujenga bwawa la Itare ilianza mwaka wa 2017, na mwaka wa 2018 ikasimama, baada ya kampuni ya Kiitalia iliyokuwa ikijenga kupatwa na shida ya fedha. Mtu aliyesuka vyuma au kuendesha mashine pale akaondoka na karatasi, anaweza kuionyesha kwa mkandarasi yeyote. Aliyeondoka mikono mitupu ana ufundi ule ule, lakini hawezi kuuthibitisha kwa mtu asiyemjua. Kwake ipo njia nyingine, nayo ni mtihani wa ufundi wa mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, unaoanza daraja la tatu hadi la kwanza. Mtihani huo huangalia anachoweza kufanya, wala haumtaki awe amesoma chuo. Mwashi wa miaka kumi ambaye hajawahi kuufanya anajinyima mwenyewe.

Kuna na shida ya gharama. Kwa miaka mingi vijana waliambiwa waambatanishe na maombi yao cheti cha tabia njema cha polisi, barua ya mamlaka ya kodi, ya bodi ya mikopo ya wanafunzi, ya tume ya kupambana na rushwa, na ya kampuni ya kumbukumbu za wakopaji. Baadhi ya karatasi hizo hulipiwa, na kutoka Olenguruone mpaka Nakuru kutiwa alama za vidole ni safari ya siku nzima. Mzazi aliuza kondoo, na mtoto hakuitwa hata kwenye mahojiano. Mwaka wa 2022 Sheria ya Ajira ilibadilishwa: mwajiri hana ruhusa ya kudai vyeti hivyo mpaka awe anakusudia kuandika mkataba wa kazi na mtu huyo. Tangazo likivitaka vyote mwanzoni, mwombaji ajue kwamba tangazo hilo limekwenda kinyume cha sheria. Kondoo abaki zizini.

Juu ya vyeti vya kughushi, maneno machache yatosha. Mwaka wa 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uchunguzi wake umefichua watumishi zaidi ya 2,000 wenye vyeti vya uongo. Mtu wa namna hiyo huweza kudaiwa arudishe mishahara yote aliyoipokea, naye alikwisha kula.

Haifai kudhani kwamba wasifu mzuri utaumba kazi ambayo haipo. Ukosefu wa kazi ni mgeni wa zamani katika nchi hii. Mwaka wa 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana kwamba waajiri waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, na vyama visidai mishahara zaidi kwa mwaka mmoja. Watu zaidi ya 200,000 walijiandikisha, na walioandikwa kazi walikuwa sehemu ndogo tu. Hata sasa, katika kila watu kumi wenye kazi nje ya mashamba madogo, wapatao wanane wako katika jua kali, yaani kwenye gereji, vibanda, useremala, uchukuzi na biashara ndogo. Huko matangazo hayabandikwi ukutani. Kazi hupatikana kwa kwenda, kuonekana, na kutajwa na mtu. Kijana anayetuma karatasi hamsini kwa simu na kukaa nyumbani ametembelea sehemu ndogo sana ya soko. Aende Molo siku ya soko, aingie kwa mwenye ghala, aeleze kwa dakika mbili alichokifanya Keringet, na aache karatasi moja yenye namba yake. Wazee husema mchagua jembe si mkulima, nao wana haki. Lakini anayelima hujua jembe gani ni la shamba gani, na barua ya kuombea kazi ya ghala si ile ya kuombea kazi ya udereva. Kila barua itaje kazi yenyewe, tangazo lilipoonekana, na jambo moja au mawili katika wasifu yanayohusiana na kazi hiyo.

Atakayeitwa kwenye mahojiano aulize kwa sauti ya adabu ni nani anayepiga simu na ofisi iko wapi. Tume ya Utumishi wa Umma haimtozi mwombaji ada yoyote. Mtu anayetaka fedha ya faili, ya sare au ya chai kabla ya kazi, hata akiwa na barua yenye muhuri, hana kazi ya kutoa.

Tena kuna jambo ambalo watu wa Kuresoi hawahitaji kufundishwa. Katika machafuko ya mwaka wa 1992, na tena ya 2007 na 2008, nyumba ziliteketea, na vyeti vya shule viliteketea pamoja nazo. Anayepata leo cheti cha mtihani, cha ufundi au cha utumishi, na atoe nakala siku hiyo hiyo. Moja ibaki nyumbani, moja ipelekwe kwa ndugu anayekaa mji mwingine, na picha yake iwekwe katika simu na katika barua pepe, na neno la siri la barua pepe hiyo liandikwe mahali ambapo mama anapajua.