Hofu ya Kuanguka kwa Wazee Wetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka, Suna)



Nimepewa nafasi niseme habari ya wazee wanaoanguka, na zaidi hofu ibakiyo baada ya kuanguka. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wengi. Lakini wako wazee ambao hawakuvunjika mfupa, ila wamevunjika moyo.

Mzee ateleza matopeni siku ya mvua. Haumii sana. Tangu hapo haendi shambani, wala sokoni, wala kanisani. Sisi watoto wake twamwambia, "Jaduong', keti tu, tutakuletea." Twadhani ndiyo heshima. Kumbe miguu isiyotembea hupoteza nguvu, na aliyepoteza nguvu ndiye aangukaye tena. Mwaka 1990 Mary Tinetti, tabibu wa Marekani, na wenzake walitoa maswali 10 ya kupima hofu hiyo: je, mzee ana hakika ya kuoga, kuvaa, kuinuka kitini, asianguke?

Kazi hizo hizo za nyumbani ndizo dawa katika tiba ya kazi, inayofundishwa na Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya. Mtabibu wake hutazama kizingiti, kigoda kilicho kifupi mno, njia ya chooni usiku. Kisha humrudishia mzee kazi kidogo kidogo. Leo mama achambue mboga ameketi. Baadaye asimame akishika meza. Halafu aende hadi banda la kuku, mtu akiwa karibu bila kumshika. (Hapo pa kutomshika ndipo penye taabu kwetu.) Hufundishwa pia kuinuka kutoka chini: ajigeuze ubavu, apige magoti, ashike kiti imara. Ajuaye kuinuka hofu yake hupungua. Lakini aangukaye mara kwa mara, au mwenye kizunguzungu, apelekwe kwanza hospitali.

Wanachama, kwa mazishi twachanga upesi, na ni vyema. Mti wa kushika chooni na fimbo yenye mpira chini ni gharama ndogo kuliko siku moja ya matanga. Naomba Kamati itenge fungu kwa hayo, na vijana wawili wa kila kijiji wapite nyumba za wazee kabla ya masika, mwezi wa Machi.