Dundu wa Malishoni



Wageni wapitao Dirma hupiga picha ya Mlima Hanang, nasi hatuwalaumu. Mlima wenye kimo kinachozidi mita 3,400, uliosimama peke yake juu ya uwanda, humlazimisha mtu kuinua macho. Leo twawaomba mwiname. Baadhi yetu tunaofundisha katekisimu tumezoea kuwapeleka watoto malishoni baada ya ibada, tukiwa na simu moja au mbili zenye kamera, kutafuta vitu vidogo: ganda la konokono, unyoya, mbegu ya nyasi iliyonasa katika soksi, uyoga uliochomoza juu ya kichuguu baada ya mvua. Kitu hupigwa picha pale pale kilipo, kisha huachwa.

Apigaye picha akiwa amesimama wima hupata kivuli chake mwenyewe. Yampasa apige magoti, aweke sarafu kando ya kitu ili ukubwa wake ujulikane, apige picha kutoka juu na kutoka ubavuni, tena asubuhi jua lingali chini. Kisha huandika daftarini tarehe, nyasi zilizopo, na siku ng'ombe walipopita. Jina huulizwa mwisho, na hapo ndipo wazee wanapoingia. Mtoto mwenye picha mkononi humwendea babu yake Mwiraqw, kisha mzee jirani Mbarabaig, akaandika majina yote mawili. Mara nyingi jina huja na habari yake: huyu huonekana mvua ikikaribia, haya ndama asiyale. Watoto wengi siku hizi huita kila kitambaacho “mdudu”, basi. Kitabu cha Mwanzo chasimulia jinsi mtu alivyoletewa viumbe ili avipe majina. Na asiyejua jina la kiumbe hawezi hata kusema kwamba kimetoweka.

Katika picha zote, zilizotupa mazungumzo marefu ni za dundu avingirishaye mavi ya ng'ombe. (Msishtuke kusikia neno hili redioni siku ya Dominika, mfugaji halionei haya.) Ukiikuza picha yake waona kichwa kipana kama sepetu, chenye meno ukingoni, na miguu ya mbele iliyoumbwa kwa kuchimba. Duniani ziko aina zaidi ya 5,000 za dundu hawa. Wengine hukata donge, hulifinyanga liwe mviringo na kulisukuma kinyumenyume kwa miguu ya nyuma. Wengine huchimba mashimo chini ya kinyesi na kukishusha humo. Wengine huishi ndani yake. Jike hutaga yai katika donge lililozikwa, na mtoto akizaliwa hula nyumba yake kutoka ndani mpaka akomae.

Avingirishaye hana budi kwenda moja kwa moja, kwa sababu akizunguka atarudi penye wenzake na kunyang'anywa. Mwaka 2013 watafiti wa Uswidi na Afrika Kusini walitangaza jambo la ajabu. Waliwavika dundu wa Afrika Kusini kofia ndogo za karatasi ngumu wasione anga, nao wakapotea njia. Wakawaingiza katika jumba la kuonyeshea nyota mjini Johannesburg, wakagundua kwamba usiku usio na mwezi dundu huongozwa na ule mkanda mweupe wa nyota ukatizao anga, uitwao Njia ya Maziwa. Kiumbe mwenye kichwa kilichojaa samadi husoma mbingu! Mfalme Sulemani, ambaye Maandiko yasema alinena habari za wanyama na vitambaavyo, angekaa nasi kumtazama.

Lakini hatukuleta habari hii kwa ajabu yake tu. Malisho ya Hanang yamepungua. Mashamba makubwa ya ngano yaliyofunguliwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 yalichukua sehemu kubwa ya uwanda wa Basotu, na majembe yetu wenyewe yameendelea. Kipande kilichobaki chategemea mno wafanyakazi hawa wasiolipwa. Wakizika kinyesi, rutuba huingia ardhini, maji ya mvua hupata matundu ya kupenyea, na nzi hukosa mahali pa kutagia. Waaustralia walilijua hilo kwa gharama. Ng'ombe walifika kwao mwaka 1788, na dundu wa huko, waliozoea kinyesi kidogo cha kangaruu, hawakukiweza cha ng'ombe. Kikakauka juu ya majani, nzi wakawa wengi kupita kiasi. Mtaalamu George Bornemissza, mzaliwa wa Hungaria, ndiye aliyeanzisha mradi wa kuwapeleka huko dundu wa nchi nyingine, wengi wao kutoka Afrika. Wao walivuka bahari kutafuta tulicho nacho sisi bila kulipa.

Sasa sikilizeni, ninyi wenye mifugo. Dawa ya minyoo na kupe iitwayo aivamektini, tuipigayo ng'ombe sindano, hutoka pamoja na kinyesi kwa siku nyingi, na huweza kuwaua watoto wa dundu ndani ya donge. Hatusemi ng'ombe mgonjwa aachwe afe. Twasema afisa mifugo aulizwe kabla ya kundi zima kudungwa: je, wote wanahitaji? Je, yaweza kufanyika wakati wa kiangazi, badala ya mvua za kwanza ambapo dundu hutoka ardhini?

Kazi tuliyowapa watoto kwa majuma haya ni hii. Kila mmoja achague kinyesi kibichi, akiwekee kijiti, akipige picha asubuhi tatu mfululizo na kuhesabu matundu. Nusu yao wafuate ng'ombe waliodungwa karibuni, nusu wale wasiodungwa. Picha zitabandikwa ukutani penye darasa la katekisimu, majina ya dundu yakiandikwa chini yake kwa Kiiraqw, kwa Kidatoga na kwa Kiswahili, na afisa mifugo tumekwisha kumwomba aje azione. Wazazi, wapeni simu zenu kwa nusu saa, hata zikirudi na matope.

Twawatakieni Dominika njema.