Helmeti niliyomnunulia mpwa wangu

Juma hili nina jambo linalonihusu mimi mwenyewe, na nitalisema kama lilivyo.

Miaka miwili iliyopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alianza kazi ya bodaboda hapa Dar es Salaam. Pikipiki ilikuwa ya mkataba. Mimi kama mjomba nikasema mchango wangu utakuwa helmeti, ile ambayo askari wa usalama barabarani huiita kofia ngumu na vijana wenyewe huiita elementi. Tukaenda Kariakoo. Muuzaji akatoa kubwa inayofunika mpaka kidevu. Kijana akaivaa, akajitazama, akacheka: "Mjomba, hii inanifanya kama uyoga." Nami nikacheka. Tukachagua ndogo nyeusi, imekaa kichwani kama bakuli, nyepesi, na bei yake haikufika nusu ya ile kubwa. Nyuma ilikuwa na kibandiko chenye herufi DOT. Nikalipa, nikarudi kazini nikijiona mjomba wa maana.

Mwaka jana kijana aliteleza kwenye mchanga karibu na kituo cha daladala. Wala hakuwa katika mwendo mkali. Kichwa kikagonga ukingo wa barabara. Alilazwa siku 11. Amepona, tunamshukuru Mungu, lakini mpaka leo maneno humkimbia. Atakuomba "kile cha kunywea" akiwa na maana ya kikombe. Helmeti ilipasuka vipande viwili. Niliiweka mezani nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ndani mlikuwa na sponji laini kama ya kochi, na nyuma ya sponji ni plastiki tupu.

Nikaanza kusoma yale niliyopaswa kuyasoma kabla ya kutoa pesa.

Gamba la nje, lile tunaloling'arisha, kazi yake ni kuzuia kitu kisipenye na kulisambaza pigo. Kinachookoa ubongo ni tabaka la povu gumu, mara nyingi jeupe, la jamii ile ile inayopakiwa na televisheni mpya ndani ya boksi. Kichwa kinapogonga, povu hilo linabonyea, na katika kubonyea linakipa kichwa nafasi ya kupunguza mwendo badala ya kusimama ghafla na ubongo kujipigiza kwenye fuvu. Sponji laini hujikunja papo hapo, pigo likafika lote. Povu likishabonyea halirudi. Kwa hiyo helmeti iliyopata ajali hutupwa, na kwa hiyo mimi sinunui ya mtumba hata kama inang'aa.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence, yule wa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki bila helmeti akafa kwa majeraha ya kichwa. Daktari mmoja aliyeitwa kumhudumia, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, hakuliacha jambo hilo. Mwaka 1941 alichapisha uchunguzi wake juu ya vifo vya waendesha pikipiki na faida ya helmeti. Watafiti waliojumlisha tafiti nyingi mwaka 2008 waliona kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takribani asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Sasa, kijana wangu hakukosea kutaka helmeti ndogo. Tumezoea kuwagombeza vijana hawa kana kwamba wote ni watu wa mapambo tu. Helmeti iliyopita kiasi cha kichwa inayumba, upepo unaivuta, shingo inachoka, na kwa joto hili la Dar mtu ataivua aitundike mkononi. Udogo wa halali upo. Mtengenezaji makini hutoa modeli moja kwa magamba ya nje ya saizi mbili, tatu au zaidi, mwenye kichwa kidogo akapata gamba dogo. Anayebana gharama hutoa gamba moja la kichwa kikubwa, kisha hujaza ndani. Ndio huo uyoga. Dukani ziweke pamoja saizi ndogo na kubwa za modeli ile ile. Zikilingana kwa nje, umeshajua. Udogo wa haramu ni ule uliopatikana kwa kuondoa povu, na huo ndio nilioununua mimi.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inaeleza kwamba helmeti salama huwa na povu la unene wa sentimita 2.5 hivi, na uzito wa karibu kilo 1.4; zile za mapambo huwa nusu kilo au pungufu. Nilivipeleka vile vipande viwili kwa jirani yangu muuza mchele. Mizani ikasema gramu 430.

Na ile DOT? Huko Marekani mtengenezaji ndiye anayejithibitishia, serikali huzipima baadhi tu, na kibandiko yeyote anaweza kukichapa. Tangu mwaka 2013 sheria yao inataka kibandiko kiwe pia na jina la mtengenezaji, modeli, maneno FMVSS No. 218 na neno CERTIFIED. Changu kilikuwa na herufi tatu tu. Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa ni nyingine: helmeti hupimwa kwanza ndipo iuzwe. Tafuta lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu, yenye E na namba ndani ya duara, halafu namba inayoanza na 05 au 06. 06 ndiyo mpya zaidi. Mbele ya namba hiyo soma herufi. P maana yake kidevu kinalindwa. J ni ya uso wazi. NP ni kwamba kile kinachofunika kidevu hakikuthibitishwa kukilinda.

Utasema bei. Ni kweli, nami sina la kukubishia. Lakini nimeusoma mkataba wa mpwa wangu: mna bei ya pikipiki, mna marejesho ya kila siku, mna na adhabu ya kuchelewa. Helmeti haimo, si ya dereva wala ya abiria. Mwenye pikipiki anayeweza kuandika adhabu ya kuchelewa anaweza pia kuandika helmeti mbili.

Mwezi uliopita nilimnunulia nyingine. Ina E kwenye mkanda, ina P, na ina gamba dogo kwa kuwa kichwa chake ni kidogo. Niliifunga mkanda, nikaisukuma kwa nyuma kuona kama itavuka kichwa; haikuvuka. Akajitazama kwenye kioo, akasema hii angalau haimfanyi kama... neno likamkimbia. Nikamsaidia: uyoga. Jumatatu alirudi barabarani.