Mtoto Anayehara Katika Msimu wa Ununuzi

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama wanachama)



Nimeombwa nizungumze nanyi habari za afya ya watoto wadogo, na natambua kwamba wapo miongoni mwenu wanaojiuliza mkaguzi wa mahesabu ana lipi la kusema juu ya jambo lenye waganga wake. Jibu langu limo katika vitabu vyenu wenyewe. Vyama vingi vina mfuko wa rambirambi, na mkaguzi hupitia hati za malipo za mfuko huo kama apitiavyo hati nyinginezo. Katika baadhi ya vyama nilivyovikagua, hati za mazishi ya watoto wa chini ya miaka mitano hukusanyika pale mvua za kwanza zinapokutana na msimu wa kupima mazao. Hati haisemi mtoto amekufa kwa nini. Lakini ukimwuliza mjumbe aliyeitia sahihi, aghalabu atakujibu kwa maneno machache: alihara siku mbili tatu, akalegea, akafa.

Kwa hiyo sitazungumzia malezi yote. Nitazungumzia kuhara, maana ni jambo ambalo ushahidi wake umekamilika na dawa yake ni rahisi kuliko gunia tupu.

Yatupasa kwanza tuelewe kinachomwua mtoto. Vijidudu peke yao si wauaji wa haraka. Kinachoua ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini kwa kasi kuliko vinavyorudi. Mtoto wa mwaka mmoja ana mwili mdogo, akiba yake ni ndogo, na anaweza kuimaliza kati ya asubuhi na magharibi. Mnamo mwaka 1980 ilikadiriwa kwamba kuhara kulikuwa kukiua zaidi ya watoto milioni 4 kila mwaka duniani. Kwa makadirio ya karibuni ya Shirika la Afya Duniani idadi hiyo imeshuka hadi kati ya 400,000 na 500,000. Wengi wamepona, lakini hao waliobaki wanakufa kwa jambo lenye tiba inayojulikana tangu nusu karne iliyopita.

Sasa tuyatazame yale tunayoyafanya majumbani. Wapo wazazi wanaomnyima mtoto maji na chakula kwa hoja kwamba kisichoingia hakitatoka. Hoja hiyo ina sura ya hesabu, lakini ni hesabu mbovu: matumizi hayasimami kwa sababu tu mapato yamesimamishwa. Wapo wanaosema ni meno yanaota, wakangoja. Wapo, na hili ni baya zaidi, wanaompeleka mtoto akang'olewe yale yanayoitwa meno ya plastiki. Hayo si plastiki, ndugu zangu, ni chimbuko la meno yake halali. Anayeyachokoa kwa chuma kichafu humwongezea mtoto jeraha na kumpotezea damu, na kuhara kubaki palepale. Utosi ukibonyea, wengine huupaka dawa. Utosi uliobonyea ni alama tu ya maji yaliyopungua ndani. Kuupaka dawa ni sawa na kupaka rangi mshale wa mizani badala ya kuongeza mzigo sahanini.

Lipo pia neno la kubemenda. Nalitaja kwa heshima, kwani mambo ya chumbani si ya mkutano. Mtoto akihara na kukonda, ndugu huanza kuwahukumu wazazi wake, na mama, akiogopa aibu, humficha mtoto ndani wala hamfikishi zahanati. Hakuna ushahidi wowote kwamba wazazi kukaribiana humharisha mtoto anyonyaye. Lakini aibu hiyo inaua kwa kuchelewesha, na ni juu yetu wanaume, ambao kwa kawaida hatulaumiwi, kuwa wa kwanza kuikomesha.

Tiba yenyewe ilipatikanaje? Mnamo mwaka 1960 mtaalamu Robert Crane alieleza mjini Prague jinsi ukuta wa utumbo unavyopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, kana kwamba ni wabia wawili wenye hati moja. Vikipita hivyo, maji hufuata. Njia hii huendelea kufanya kazi hata mgonjwa anapohara sana. Ndiyo sababu maji matupu hayatoshi, na chumvi peke yake haifai. Mwaka 1968 watafiti wa maabara ya kipindupindu mjini Dhaka walionyesha kwamba wagonjwa waliokunywa mchanganyiko wa sukari na chumvi walihitaji maji ya mshipani kidogo mno. Kisha mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa nchi ya Bangladesh, wakimbizi walijaa katika kambi ya Bangaon nchini India. Kipindupindu kikaingia na maji ya mshipani yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya dawa katika mapipa na kuwapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vikashuka kutoka takriban 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Tafadhali zingatieni: aliyeshika kikombe hakuwa mganga. Alikuwa mama, shangazi au kaka.

Nataka nikawie kidogo katika habari ya Bangladesh, kwa kuwa yaliyofuata yanatuhusu sisi watu wa vyama kuliko yanavyowahusu waganga. Kuanzia mwaka 1980 shirika la BRAC, lililoasisiwa na Fazle Hasan Abed, lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya chumvi ya vidole vitatu, gao moja la sukari guru na maji ya kiasi cha nusu lita. Kufikia mwaka 1990 walikuwa wamefika kwenye kaya zaidi ya milioni 12. Wengi wenu mmewahi kuhudhuria semina, na mnajua jinsi malipo ya semina yanavyokwenda: mwezeshaji husaini, huchukua posho, huondoka. BRAC walifanya kinyume. Baada ya muda mkaguzi alikwenda kwenye baadhi ya zile nyumba bila mwalimu, akamwuliza mama yale mambo kumi aliyofundishwa, akamtaka atengeneze dawa mbele yake. Mwalimu alilipwa kwa kadiri mama alivyokumbuka. Mama aliyekumbuka machache mno hakumletea mwalimu wake kitu.

Mimi kama mkaguzi nilifurahi niliposoma habari hiyo. Lakini furaha yangu ilipungua nilipoendelea, kwani ukaguzi huohuo ulifichua jambo jingine. Akina mama walikumbuka vizuri, na sampuli za dawa zilikuwa sahihi, ila mtoto alipohara ni wachache tu walioitumia. Vitabu vilikuwa safi na ghala lilikuwa tupu! BRAC hawakukimbilia kuwalaumu akina mama. Walichunguza, wakagundua mambo mawili. La kwanza, baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini dawa hiyo; walipohara wao walitafuta vidonge. Ikabidi wapelekwe wakajionee wagonjwa wanavyopona. La pili, wanaume walikuwa wameachwa nje. Mama alijua, lakini mume na wazee wa nyumba hawakujua, nao ndio waliokuwa na kauli. Basi wakaanza kuzungumza na wanaume misikitini, sokoni na shuleni. Matumizi yakaanza kupanda, na leo zaidi ya watoto saba katika kila kumi wanaohara nchini humo hupewa mchanganyiko huo.

Nayasema haya kwa kuwa mikutano yenu mikuu, Ndugu Makatibu, imejaa wanaume kwa wingi kuliko kliniki yoyote. Hapo ndipo elimu hii haijafika.

Nieleze sasa namna ya kutengeneza. Iliyo bora ni paketi ya ORS kutoka zahanati au duka la dawa muhimu, kwa sababu ina potasiamu na vitu vingine ambavyo jikoni havimo kwa kipimo. Soma paketi: ziko za lita moja na ziko za nusu lita, na kukosea hapo ni kosa kubwa. Dawa ikizidi chumvi humdhuru mtoto. Ikizidi maji haimsaidii. Kama paketi haipo, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta si vya kulundika, katika lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa. Ionje: isizidi chumvi ya machozi.

Lita ipimwe kwa chombo cha lita. Chupa za soda hazina ujazo mmoja, hivyo usizihesabu kwa mazoea. Chukua chupa ya maji ya kunywa iliyoandikwa lita moja. Na hapa niwe mkali kidogo. Chombo cha lita moja kinachopatikana kwa urahisi katika nyumba ya mkulima ni chupa ya kiuatilifu. Isiguswe, hata ikioshwa mara saba kwa sabuni. Katibu anayegawa viuatilifu na awaambie wanachama neno hilo siku ya kugawa, si siku ya maziko.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha chai. Aliyezidi umri huo apewe mara mbili yake. Mpe kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena polepole zaidi. Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, nao wangestahimili wangeshinda. Dawa iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Anyonyaye aendelee kunyonya, tena zaidi. Alaye apewe uji na chakula chake cha kawaida. Soda na juisi tamu zisitumiwe, kwani sukari nyingi huvuta maji kuingia utumboni na kuzidisha kuhara.

Mtafahamu kwamba dawa hii haifungi tumbo. Huzuia kifo, nalo tumbo hujifunga lenyewe baada ya siku chache. Mzazi asiyeambiwa hivyo huona mtoto bado anahara, akaiacha dawa na kutafuta vidonge vya kufunga tumbo, ambavyo havifai kwa mtoto mdogo. Kinachofupisha kuhara ni zinki, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 2004: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa mtoto asiyetimiza miezi sita. Ikamilishwe hata akipona siku ya tatu.

Zipo alama ambazo hazingoji mizani ifungwe. Mtoto akilegea au kuwa mgumu kuamka, macho yakididimia, akashindwa kunywa, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikakawia kurudi, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, huku akipewa dawa kwa kijiko njiani kama anaweza kumeza. Vivyo hivyo akihara damu, au akiwa na umri wa miezi michache tu.

Juu ya kinga nitapita upesi, maana akina mama wengi wanaijua kutoka kliniki. Maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza, bila hata maji. Choo, na kunawa kwa sabuni. Na chanjo ya rota, ambayo Tanzania iliiingiza katika ratiba yake mwaka 2013. Angalieni kadi ya mtoto kama imeandikwa.

Chama kinaweza kufanya nini? Wengine wataniambia kazi ya ushirika ni mazao. Msingi wa saba wa ushirika, uliopitishwa mjini Manchester mwaka 1995, unatutaka tuijali jamii tunamoishi, na hakuna atakayenionyesha jamii isiyo na watoto. Lakini sitaki katibu yeyote atoke hapa akanunue paketi kwa fedha ambazo hazikuidhinishwa, kisha ajitetee kwamba mkaguzi alisema. Jambo hili liingizwe katika makisio, lisomwe mbele ya mkutano mkuu, na liandikwe kwenye kumbukumbu. Sehemu ndogo ya mfuko wa rambirambi inatosha, nami nitafurahi zaidi kuona hati ya paketi kuliko hati ya sanda.

Paketi na vidonge vya zinki vipatikane kwa ushauri wa zahanati iliyo karibu, vitunzwe pakavu, mbali na salfa na viuatilifu, na viwe na ukurasa wao katika leja: tarehe ya kupokea, idadi, tarehe ya mwisho wa matumizi, na aliyepewa. Mtunza ghala asitoe paketi kabla mpokeaji, awe mwanamume au mwanamke, hajaeleza kwa kinywa chake namna ya kuichanganya. Pawepo kituoni pipa la maji safi na kikombe, kwani wakati wa kupanga foleni ya mizani akina mama hukaa juani kutwa nzima na watoto migongoni. Na Kamati ya Usimamizi, itakapozunguka mwezi wa pili wa msimu, iingie katika nyumba chache za wanachama bila taarifa, imwombe baba, si mama, atengeneze lita moja mbele yao. Majibu yaandikwe kama yalivyo. Nitayaomba nitakapokuja kukagua.