Kujiandaa kwa Safari Ndefu ya Baiskeli



Baiskeli tumeizoea kwa kubebea mkaa na mahindi na kwa kwendea shambani. Leo nazungumza nanyi mnaoipanda kwa burudani, hasa mnaokusudia kufika Mbamba Bay.

Barabara ni ya lami hadi ziwani, na mandhari yake inapendeza. Hata hivyo, safari hiyo inazidi kilomita 160, wala ugumu wake haupimwi kwa umbali peke yake. Songea ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Nyasa halifiki mita 500. Ukishapita Mbinga, mteremko ni mkali, na breki zilizochakaa ni hatari kwa maisha. Tena, aliyeteremka kwa raha atapaswa kuipanda milima hiyo ya Umatengo wakati wa kurudi.

Kwa hiyo, anzeni na Peramiho, kwenda na kurudi, kwa majuma kadhaa. Kisha jaribuni Mbinga. Kagueni breki, matairi na mnyororo. Chukueni pampu, viraka, gundi, maji na chakula. Vaeni kofia ngumu na nguo zinazoonekana kwa mbali. Fuataneni kwa mstari mmoja upande wa kushoto, kwani kati ya Kitai na Songea hupita malori ya makaa ya mawe. Laleni Mbinga, msisafiri usiku.

Aliyejiandaa ni yule afikaye ziwani akiwa na nguvu za kurudi nyumbani.