Geuza Cheki Uangalie Mgongo Wake

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya viongozi wa vikundi vya vijana, na kwa kuwa wengi wenu hamkuweza kufika, nayaweka hapa karibu kama nilivyoyasema.

Kabla sijaanza, kijana mmoja alinifuata mlangoni akanionyesha kitabu cha cheki cha kikundi chao. Alitaka kujua kama benki itakubali cheki iliyokunjwa. Mimi macho yangu hayakwenda kwenye mkunjo. Nilipofungua niliona cheki mbili zina sahihi tatu, zimekamilika, lakini hazina jina wala kiasi. Nikamuuliza, hizi ni za nini? Akasema, "Mwenyekiti husafiri, kwa hivyo tunasaini mapema." Nimekaa na kitabu hicho. Kiko hapa mezani na nitamrudishia tukimaliza.

Usimcheke. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu, zamani kidogo, na tulikuwa tumechoka kungojana wiki nzima ili kumlipa fundi wa viti. Tukasaini cheki nne tupu tukaziweka kwenye kabati. Siku nilipokwenda kuchukua taarifa ya benki nikakuta shilingi 76,000 zimetolewa kwenye kaunta, pesa taslimu, kwa sahihi yangu mwenyewe. Aliyechukua tulimjua. Alisema mamake anaumwa, na kweli alikuwa anaumwa. Tukakaa kikao mpaka saa sita usiku, na mwisho tukanyamaza. Ni mtoto wa mtaani, babake ni mtu wa heshima, na sisi ndio tuliosaini. Ukishaweka sahihi yako kwenye kitu usichokisoma, ulimi wako unakuwa umefungwa. Utamshtaki nani bila kujishtaki na wewe?

Nataka mlielewe hilo kwanza, kwa sababu wizi mkubwa wa nchi hii ulipita njia hiyo hiyo. Sahihi zilikuwa za watu wakubwa zaidi, basi.

Wengi wenu mmezaliwa baada ya Goldenberg. Mmelisikia jina tu, kwa wazee wakilalamika. Mwanzoni mwa miaka ya tisini serikali ilikuwa na njaa ya dola, ikaweka mpango wa kuwalipa fidia wafanyabiashara wanaouza bidhaa nje na kuleta fedha za kigeni. Kiwango cha kisheria kilikuwa asilimia 20. Kampuni ya Goldenberg International, ya Kamlesh Pattni, ikapewa asilimia 35 kwa kuuza dhahabu na almasi. Sasa nyinyi mmesoma jiografia. Hebu niambieni almasi ya Kenya inachimbwa wapi? Dhahabu yetu ni kidogo mno, na almasi ya kuuza hatuna kabisa. Lakini karatasi zilijazwa, zikapigwa mihuri, na pesa zikatoka.

Fidia ulikuwa mlango mmoja tu. Mlango mwingine ulikuwa cheki, na hapa nataka twende taratibu kwa sababu ndipo watu hupotea. Chukua Ali na Juma. Wote wawili hawana kitu, ila kila mmoja ana akaunti katika benki yake. Ali anamwandikia Juma cheki ya laki moja. Juma anamwandikia Ali cheki ya laki moja. Kabla benki hazijagundua kwamba cheki zote mbili ni hewa, kila mmoja kwenye vitabu anaonekana ana laki moja. Wanachota, wanaandikiana tena, kubwa zaidi. Mtaani mchezo huo hauendi mbali, kwa sababu benki itangoja cheki ikubaliwe kwanza. Lakini fikiria wanaoandikiana ni benki zenyewe, na anayesimamia kubadilishana kwa cheki hizo, yaani Benki Kuu, anaziacha zipite na kuziruhusu benki hizo kuchukua zaidi ya zilichonacho. Tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa 2003, ilikaa miaka mitatu ikiufuatilia mchezo huo, benki kwa benki.

Pesa ya hewa haikai hewani. Inatua sokoni. Mwaka 1993 mfumko wa bei ulifika karibu asilimia 46. Sababu zilikuwa nyingi, na pesa za kampeni ya 1992 zilikuwemo (waulizeni wazazi kwa nini noti ya mia tano iliitwa "jirongo"). Lakini mama aliyekuwa akipika mahamri hakuwa na haja ya kujua sababu ni ngapi. Alijua unga umepanda.

Sasa, nani alifungua mdomo? Hakuwa waziri wala mkuu wa upelelezi. Alikuwa karani. David Munyakei, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwajiriwa wa Benki Kuu katika kitengo kilichopokea karatasi za mauzo ya nje. Aliona zinapita mkononi mwake, kampuni ile ile, kiasi kikubwa, siku baada ya siku. Akauliza ndani, hakupata jibu. Akatoa nakala, zikawafikia wabunge wa upinzani, na nchi ikajua. Mwaka 1993 alikamatwa, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Kesi ikaondolewa baadaye, lakini kazi alishaipoteza.

Alikuja wapi? Alikuja hapa kwetu, Mombasa. Alifanya kazi za hapa na pale, alioa, akasilimu. Huenda babako alikaa naye safu moja msikitini bila kumjua. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya uadilifu, watu wakapiga makofi, lakini kazi hakurudishiwa. Alikufa kwa ugonjwa Julai 2006 huko Narok, maskini, akiwa na miaka 38.

Mwaka huo huo, 2006, ndipo wakubwa waliposimama kizimbani kuhusu shilingi bilioni 5.8 zilizotoka hazina ya umma: aliyekuwa katibu mkuu wa wizara ya fedha, Wilfred Koinange, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu, Eric Kotut, naibu wake, Eliphaz Riungu, aliyekuwa mkuu wa idara ya ujasusi, James Kanyotu, na Pattni. Wote walikana. Kanyotu alifariki 2008, kesi ikiwa bado. Mwaka 2013 Jaji Joseph Mutava alisimamisha mashtaka dhidi ya Pattni. Jopo likaja kumchunguza jaji huyo kwa jinsi alivyoshughulikia faili hilo, likapendekeza aondolewe kazini, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nalo 2019. Kwa hiyo aliyetoa uamuzi alipoteza kiti, lakini hakuna hata mmoja wa wale watano aliyetumikia kifungo kwa kesi ile.

Najua utakachoniambia. "Basi, tusijisumbue." Nimelisikia neno hilo kila baraza, na silikubali, ingawa naelewa linatoka wapi. Tofautisha kuamini kwamba mtu ameiba na kuthibitisha mahakamani. Mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na sisi Waislamu wa Pwani ndio tunaopaswa kuwa wa mwisho kulidharau jambo hilo, kwa sababu tumewaona ndugu zetu wakihukumiwa na magazeti kabla ya mahakama. Tunayotaka yawe ya vijana wetu, na ya katibu mkuu pia yawe hayo. Kinachoua kesi hizi ni muda. Faili linakaa miaka kumi na tatu, mashahidi wanakufa, wengine wanasahau, karatasi zinapotea.

Na karatasi ndiyo shahidi asiyesahau. Geuza cheki uangalie mgongo wake. Mbele kuna aliyesaini na tarehe. Nyuma kuna sahihi ya aliyepokea, namba ya kitambulisho, muhuri wa siku. Kama imepigwa mistari miwili ya mshazari, haiwezi kulipwa kaunta, lazima iingie kwenye akaunti, na akaunti ina mwenyewe. Ikilipwa taslimu pamoja na mistari hiyo, basi mtu ndani ya benki amevunja utaratibu, na yeye pia ana jina. Sheria inaitaka benki itunze kumbukumbu zake angalau miaka saba. Tangu 2009 cheki haiwezi kuzidi shilingi milioni moja katika mfumo wa kubadilishana kati ya benki. Kiasi kikubwa kinatumwa moja kwa moja kwa njia ya elektroniki.

Je, wizi uliisha? Hapana. Mliona wenyewe mambo ya NYS, habari za pesa kubebwa kwa mabegi. Lakini angalia lililofuata Septemba 2018: Benki Kuu ilizitoza benki tano faini ya jumla ya shilingi milioni 392.5 kwa jinsi zilivyoshughulikia pesa hizo, zikiwemo zilizoshindwa kuripoti miamala mikubwa ya taslimu. Mwaka 1993 nani angeota Benki Kuu inaitoza benki faini kwa kunyamaza? Na kwa sheria ya 2003 ya kupambana na ufisadi, afisa wa umma akishtakiwa anasimamishwa kazi kwa nusu mshahara mpaka kesi iishe. Haitoshi, lakini haendelei kushika kalamu ya ofisi.

Sasa nije kwako wewe, dada uliyepata nafasi ya kujifunza kazi katika ofisi ya kaunti, na wewe ndugu yangu unayejaza vocha za basari. Siku moja utaambiwa, "Andika hapa, bosi amesema." Jina la shule litakuwa moja kwenye orodha na jingine kwenye cheki. Usinijibu sasa utafanya nini. Mimi nilipewa mtihani wa shilingi 76,000 tu nikashindwa. Lakini jua vitu viwili. Omba agizo kwa maandishi. Mara nyingi agizo lenyewe litakufa hapo. Na ukiona kibaya, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina ofisi hapa Mombasa, na ina njia ya mtandaoni ya kuripoti bila kutaja jina. Sikuahidi kwamba utalindwa kama unavyostahili. Mswada wa kuwalinda wafichuzi umezungumziwa miaka na miaka, na hilo ndilo jambo ambalo ukikutana na mbunge wako arusini au mazishini umuulize kabla hujaomba picha naye.

Na wewe usiye na ofisi una Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya 2016 ya haki ya kupata habari. Andika barua: wadi yetu ilipata basari kiasi gani, shule zipi, cheki zipi. Afisa ana siku 21 za kujibu. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ni za umma, zinasomeka kwenye simu hiyo hiyo unayosomea haya. Zinachosha, sikatai. Soma kurasa za kaunti yako tu.

Haya. Tumefika mwisho na nina kitabu cha watu. Hizi cheki mbili hatuzichani, kwa sababu mkaguzi akikuta namba mbili hazipo atauliza zimekwenda wapi. Tunapiga mstari juu ya kila moja, tunaandika IMEFUTWA, tunatia tarehe ya leo, zinabaki humu humu. Katibu wao yuko hapa, ataandika kwenye kumbukumbu za kikao. Kalamu ni hii, na wasaini wawili kati ya watatu nawaona pale nyuma. Njooni mbele kwanza, halafu tuanze maswali.